Reli Iliyobaki Baada ya Mgodi: Risasi ya Mpanda na Mizani ya Biashara kati ya Tanganyika na Uingereza, 1945–1961

Ikisiri

Makala hii inachunguza uhusiano wa kibiashara na kiuchumi kati ya Tanganyika na Uingereza katika kipindi cha mwisho wa ukoloni kwa kutumia mfano mmoja: mgodi wa madini ya risasi wa Mpanda na reli ya Kaliua–Mpanda iliyofunguliwa mwaka 1950 kwa ajili yake. Hoja kuu ni kwamba ukosefu wa usawa katika biashara hiyo haukuwa katika bei peke yake. Ulikuwa pia katika mgawanyo wa hatari: mnunuzi mkubwa na mwenye mtaji walibaki na uwezo wa kuondoka, ilhali nchi ndogo ilibaki na mali isiyohamishika. Makala inaonesha pia kwamba mali hiyo, baada ya mgodi kufungwa mwaka 1960, ilipata uhai mpya kutokana na matumizi ambayo waliojenga reli hawakuyakusudia. Ulinganisho na reli ya Nachingwea na reli ya TAZARA unatumika kupima hoja hiyo.

1.0 Utangulizi

Kata ya Litapunga imo katika Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo, mkoani Katavi, katika ukanda unaouzunguka mji wa Mpanda. Ni nchi ya miombo, ya kilimo cha mahindi na tumbaku, na ya ufugaji wa nyuki. Mtu anayeitazama ramani ya Tanzania kwa mara ya kwanza hushangaa kuona kwamba ukanda huu, ulio mbali na bahari na mbali na makao makuu ya nchi, una reli. Mikoa yenye watu wengi zaidi na mazao mengi zaidi, ukiwemo mkoa jirani wa Rukwa, haikuwahi kupitiwa na Reli ya Kati wala tawi lake lolote. Kwa nini basi reli ilifika Mpanda?

Jibu fupi linajulikana: palikuwa na madini ya risasi. Neno risasi hapa lina maana ya metali nzito na laini inayotumika kutengenezea betri, kufunikia nyaya za umeme na simu, na kutengenezea rangi. Hata hivyo, jibu hilo fupi linaacha swali kubwa bila kujibiwa. Madini yalikuwepo ardhini tangu zamani, na amana za Mpanda zilikwisha kutambuliwa na wapimaji wa madini kabla ya Vita Kuu ya Pili. Kilichobadilika baada ya mwaka 1945 hakikuwa mwamba wa Mpanda. Yalibadilika mahitaji ya London.

Makala hii inaangalia mabadiliko hayo na matokeo yake. Kipindi kinachoangaliwa kinaanza mwaka 1945, vita vilipokwisha, na kuishia mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru. Sehemu za mwisho zinavuka mpaka huo kidogo, kwa sababu matokeo ya uamuzi wa kiuchumi huonekana vizuri zaidi baada ya walioufanya kuondoka.

2.0 Mkabala wa Uchambuzi

Wanahistoria wa Afrika Mashariki wameueleza uhusiano wa koloni na nchi tawala kwa njia mbalimbali. Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliuona kuwa ni mfereji wa kuhamishia mali kutoka Afrika kwenda Ulaya. John Iliffe, katika historia yake ya Tanganyika iliyotoka mwaka 1979, alitilia mkazo namna wenyeji walivyoitikia fursa na mashinikizo ya uchumi mpya. Mikabala hii miwili haipingani kwa kila jambo. Wa kwanza unatusaidia kuuliza mali ilikwenda wapi, na wa pili unatusaidia kuuliza watu walifanya nini na kilichobaki.

Kwa swali la makala hii, mkabala wa tatu unafaa zaidi kuwa nguzo. Mwaka 1945 mwanauchumi Albert Hirschman alichapisha kitabu kuhusu nguvu za mataifa na muundo wa biashara ya nje. Alionesha kwamba biashara ileile huwa na uzito tofauti kwa pande zake mbili. Kwa nchi ndogo, soko la nchi kubwa huweza kuwa sehemu kubwa ya mauzo yake yote. Kwa nchi kubwa, bidhaa za nchi ndogo ni tone katika mtungi. Kwa hiyo uwezo wa kusitisha biashara ni silaha mkononi mwa mmoja na ni tishio kichwani mwa mwingine, hata pale ambapo wote wawili wanafaidika biashara inapoendelea.

Makala inachukua wazo hilo na kuliongezea kipengele kimoja, nacho ni mali isiyohamishika. Reli, shimo la mgodi na kijiji cha wachimbaji haviwezi kupakiwa melini. Anayevimiliki au kuvidhamini ndiye anayebaki navyo siku soko linapofungwa. Swali la kuuliza katika biashara ya namna hii ni hili: ikiwa mambo yatakwenda kombo, nani ataweza kuondoka na nani atalazimika kubaki?

3.0 Uingereza Baada ya Vita na Njaa ya Dola

Uingereza ilitoka vitani ikiwa mshindi mwenye madeni. Ilikopa dola bilioni 3.75 kutoka Marekani, na sharti mojawapo la mkopo huo lilikuwa kuruhusu pauni ibadilishwe kwa dola. Ruhusa hiyo ilipotolewa katikati ya mwaka 1947, akiba ya dola iliyeyuka kwa kasi, na serikali ikaisimamisha tarehe 20 Agosti mwaka huohuo. Tarehe 18 Septemba 1949 thamani ya pauni ilishushwa kutoka dola 4.03 hadi dola 2.80. Kwa kuwa shilingi ya Afrika Mashariki ilifungwa kwa pauni, shilingi 20 kwa pauni moja, thamani yake nayo ilishuka siku hiyohiyo. Hakuna baraza lolote la Tanganyika lililojadili jambo hilo kabla halijatokea.

Katika hali hiyo makoloni yalipewa kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuipatia Uingereza malighafi na vyakula ambavyo vinginevyo vingenunuliwa kwa dola. Ya pili ilikuwa kuuza bidhaa katika nchi za dola na kuziweka dola hizo katika hazina ya pamoja jijini London. Tanganyika ilitekeleza kazi zote mbili. Mkonge wake, uliokuwa zao kuu la mauzo ya nje, ulinunuliwa kwa pamoja na serikali ya Uingereza tangu wakati wa vita hadi mwaka 1948, kwa bei zilizokuwa chini ya zile ambazo soko huria lingelipa. Almasi za Mwadui ziliingiza fedha za kigeni zilizohitajika sana.

Mradi wa karanga ndio unaojulikana zaidi miongoni mwa miradi ya kipindi hiki. Ulianza mwaka 1947 katika maeneo matatu, Kongwa, Nachingwea na Urambo, kwa lengo la kuwapatia Waingereza mafuta ya kula yaliyokuwa bado ya mgao. Mwanzoni mwa mwaka 1951 serikali ya Uingereza iliamua kuachana na lengo hilo, baada ya kutumia takriban pauni milioni 36. Kwa makala hii, Urambo ina umuhimu wa pekee. Iko kwenye Reli ya Kati magharibi mwa Tabora, na mbele yake kidogo ni Kaliua, mahali ambapo tawi la Mpanda linaanzia. Mradi wa karanga na mradi wa risasi vilikuwa majirani kwa mahali na kwa wakati, na vilizaliwa na hitaji lilelile.

4.0 Reli ya Kaliua–Mpanda na Mgodi wa Risasi

Kampuni iliyochimba risasi ya Mpanda iliitwa Uruwira Minerals, kwa jina la nchi ya Uruwira, ambalo hadi leo linaishi katika kata ya Urwira wilayani Nsimbo. Mgodi wenyewe ulikuwa Mukwamba, karibu na mahali ambapo mji wa Mpanda ulikuja kukua. Mbali na risasi, mwamba wake ulikuwa na kiasi cha shaba, fedha na dhahabu.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa umbali. Madini ya risasi ni mazito, na thamani yake kwa kila tani ni ndogo ikilinganishwa na dhahabu au almasi. Mchimbaji wa dhahabu wa Lupa aliweza kusafirisha mapato ya mwezi mzima ndani ya sanduku dogo. Mchimbaji wa risasi anahitaji mabehewa. Kutoka Mpanda hadi bandari ya Dar es Salaam kwa njia ya Kaliua na Tabora ni zaidi ya kilomita 1,100. Kwa malori, kupitia barabara za udongo zinazokatika wakati wa masika, biashara hiyo isingewezekana kabisa. Bila reli pasingekuwa na mgodi.

Kwa hiyo lilijengwa tawi la kilomita 210 kutoka Kaliua kuelekea kusini, likivuka bonde la Ugalla, na kufunguliwa mwaka 1950. Mwenye reli alikuwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli za Kenya na Uganda na zile za Tanganyika. Hilo lilikuwa shirika la umma, na mikopo yake ilitafutwa hasa katika soko la fedha la London. Deni la shirika la umma hulipwa na wanaolitumia na wanaolidhamini. Kampuni ilimiliki haki ya kuchimba, na umma wa Afrika Mashariki ulimiliki njia ya kupitishia kilichochimbwa. Katika mgawanyo huo ndimo limo kiini cha makala hii.

Njia ya reli ilipita katika nchi yenye watu wachache. Ukanda huu ulikuwa makazi ya Wakonongo, Wabende na jirani zao Wapimbwe, watu wa kilimo, uwindaji na nyuki. Mbung'o walizuia ufugaji wa ng'ombe katika sehemu kubwa ya misitu, na ugonjwa wa malale uliifanya serikali ya kikoloni, tangu miaka ya 1920, kuwahamishia watu wengi wa magharibi ya Tanganyika katika vijiji vya pamoja. Nta ya nyuki wa miombo ilikwisha kuwa bidhaa ya kuuzwa nje kabla ya risasi, lakini biashara hiyo ilikuwa mikononi mwa wenyeji na wachuuzi wadogo, na haikuwahi kufikiriwa kuwa sababu ya kutosha ya kujenga reli. Njia haikupangwa kwa kufuata vijiji. Ilipangwa kwa kuufuata mgodi.

5.0 Bei, Sarafu na Mamlaka ya Uamuzi

Biashara ya risasi ya Mpanda inaweza kuchambuliwa katika ngazi tatu: bei, sarafu na nauli. Katika kila ngazi, uamuzi ulifanyika nje ya Tanganyika au nje ya uwezo wa watu wake.

Bei ya risasi ilipangwa London. Wakati wa vita na miaka iliyofuata, serikali ya Uingereza ilidhibiti uagizaji na bei ya metali hiyo, na biashara huria ya risasi katika soko la metali la London ilirejeshwa mwezi Oktoba 1952. Mgodi wa Mpanda ulianza kusafirisha kwa reli wakati mzuri: vita vya Korea vilivyoanza Juni 1950 vilipandisha bei za metali duniani kote. Lakini wakati huo ulikuwa mfupi. Bei zilianguka baada ya mwaka 1952, zikapanda kidogo, kisha zikaanguka tena mwaka 1957. Mwezi Oktoba 1958 serikali ya Marekani, kwa kuwalinda wachimbaji wake, iliweka ukomo wa uagizaji wa risasi na zinki kuwa asilimia 80 ya wastani wa miaka 1953 hadi 1957. Risasi iliyokosa nafasi katika soko la Marekani iligeukia masoko mengine na kuzidi kuzididimiza bei. Uamuzi huo haukuilenga Tanganyika. Huenda waliouandika hawakumjua hata mtu mmoja wa Mpanda. Hapo ndipo maelezo ya Hirschman yanapodhihirika: nchi kubwa inaweza kumuumiza mdogo bila hata kumkusudia, kwa sababu katika hesabu zake mdogo haonekani.

Ngazi ya pili ni sarafu. Shilingi ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1919 na kuwa na makao yake London. Kwa muda mrefu kila shilingi iliyozunguka Tabora au Mpanda ilipaswa kuwa na akiba kamili ya pauni nyuma yake, na akiba hiyo iliwekezwa katika dhamana zilizouzwa London. Ni mwaka 1955 tu ambapo bodi iliruhusiwa kutoa sarafu ya thamani ya pauni milioni 10 bila akiba hiyo. Maana yake katika maisha ya kawaida ni hii: mchimbaji alipolipwa mshahara kwa shilingi na kuiweka nyumbani kwake, nchi yake ilikuwa imeikopesha Uingereza thamani ya shilingi hiyo. Nchi ya jembe la mkono ilikuwa inaikopesha nchi ya viwanda, kisha inatafuta mkopo huko huko kwa ajili ya kujenga reli.

Ngazi ya tatu, ambayo huzungumzwa mara chache, ni nauli za mizigo. Desturi ya reli za Afrika Mashariki ilikuwa kutoza mazao na madini ya kuuzwa nje nauli ndogo, na kutoza bidhaa za dukani zilizoagizwa nauli kubwa, kwa hoja kwamba kila mzigo ulipe kadiri unavyoweza kubeba. Hoja hiyo ina mantiki yake kwa meneja wa reli. Lakini kwa mnunuzi wa kanga, sukari au mafuta ya taa katika duka la bara, ilikuwa na maana kwamba sehemu ya gharama ya kusafirisha bidhaa za nje ilitoka mfukoni mwake. Mwanakijiji ambaye hakuwahi kuliona jiwe la risasi alichangia safari yake ya kwenda pwani.

Juu ya ngazi zote tatu lipo suala la kusindika. Madini ya Mpanda yalipondwa na kuchujwa mgodini, lakini hayakuyeyushwa Tanganyika. Yalisafiri yakiwa malighafi hadi kwenye matanuri ya ng'ambo. Betri na nyaya zilizotengenezwa kwa risasi zilirudi zikiwa bidhaa za viwandani, kwa bei ya viwandani na kwa nauli ya bidhaa za kuagizwa.

6.0 Hoja ya Upande wa Pili

Uadilifu wa kitaaluma unadai hoja ya upande wa pili isikilizwe. Mtetezi wa uhusiano ule anaweza kusema mambo matatu. Kwanza, mgodi ulileta ajira ya mshahara mahali ambapo haikuwepo, na Mpanda ikawa mji. Pili, risasi ilihesabiwa pamoja na almasi na dhahabu kuwa madini makuu ya mauzo ya nje ya Tanganyika katika miaka ya 1950, na serikali ilipata kodi na mrabaha. Tatu, reli yenyewe isingejengwa bila soko la nje, kwa kuwa mizigo ya ndani isingetosha kuihalalisha.

Hoja hizi zina ukweli, na makala haizikatai. Zinachoonesha ni kwamba biashara ilikuwa na faida kwa pande zote mbili wakati ilipokuwa ikiendelea. Lakini ukosefu wa usawa unaochunguzwa hapa hauonekani wakati wa neema, na mapatano ya biashara hupimwa siku yanapovunjika. Kampuni iliyomaliza mwamba wake ilifunga hesabu. Mnunuzi wa London au Antwerp aliagiza risasi kutoka Australia, Kanada au Meksiko. Shirika la reli halikuweza kukunja kilomita 210 za vyuma na kuzitandaza kwingine, na mchimbaji aliyezaliwa Uruwira hakuwa na mgodi mwingine wa kuhamia karibu naye. Faida iligawanywa kwa uwiano mmoja, hasara kwa uwiano mwingine.

Aidha, hoja ya tatu ina udhaifu wa ndani. Inachukulia kwamba njia ambayo mgodi uliipata ndiyo pekee iliyowezekana. Nchi iliyokuwa na uwezo wa kujiamulia ingeweza kuuliza kama reli hiyo iishie mgodini au iendelee hadi Ziwa Tanganyika, au ielekee Sumbawanga kwenye mahindi ya Ufipa. Maswali hayo yalikuwa na maana kwa Tanganyika lakini hayakuwa na maana kwa risasi, kwa hiyo reli iliishia mgodini.

7.0 Mwaka 1960 na Baada Yake: Reli Mbili, Hatima Mbili

Mgodi wa Mpanda ulifungwa mwaka 1960, miaka kumi tu baada ya reli kufunguliwa. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru. Serikali mpya ilirithi, pamoja na mambo mengine, tawi la reli ambalo sababu yake ya kuwepo ilikwisha kutoweka.

Hapa unafaa ulinganisho na reli ya kusini. Reli ya Nachingwea ilijengwa katika miaka ileile kwa ajili ya karanga, na baadaye ikaunganishwa na bandari ya Mtwara. Karanga hazikuja kwa kiasi kilichotarajiwa. Mapema katika miaka ya 1960 reli hiyo ilifungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Kwa mantiki ya hesabu peke yake, tawi la Mpanda lilistahili hatima hiyohiyo. Halikuipata. Treni ziliendelea kwenda Mpanda, na zinakwenda hadi leo.

Maelezo ya tofauti hii yanapatikana katika matumizi. Kwanza, tawi la Mpanda liliungana na Reli ya Kati, hivyo kila mzigo wake ulikuwa na njia ya kufika Tabora, Mwanza, Kigoma na Dar es Salaam. Reli ya kusini ilikuwa kisiwa. Pili, Mpanda ilikuwa mlango wa nchi pana ya Ufipa na mwambao wa ziwa, ambako barabara zilikuwa mbaya kwa miongo mingi. Tatu, na hili ndilo la muhimu zaidi, watu walikuja kuishi kandokando ya njia. Baada ya mauaji makubwa ya mwaka 1972 nchini Burundi, wakimbizi walipewa makazi Katumba, katika ukanda huu wa Nsimbo iliko pia Litapunga. Walifyeka miombo na kulima. Mahindi na tumbaku vilivyotoka katika nchi hiyo vilihitaji mabehewa yaleyale yaliyokuwa yakibeba risasi. Wengi wa wakimbizi hao wa zamani na watoto wao, pamoja na wenzao wa Mishamo na Ulyankulu, walipewa uraia wa Tanzania, idadi yao ikizidi 160,000.

Kwa hiyo reli iliyojengwa kwa ajili ya mnunuzi wa mbali iliokolewa na wakulima wa karibu. Hili halipaswi kusomwa kama ushahidi wa hekima ya waliojenga. Halikuwa katika mpango wao. Ni ushahidi kwamba thamani ya miundombinu huamuliwa na wanaoitumia kila siku, na kwamba wakati mwingine thamani hiyo huchelewa hadi mjenzi ameshaondoka.

8.0 Ulinganisho: Pauni Zilizozuiwa na Reli ya TAZARA

Uhuru ulibadilisha nani anayekaa mezani, lakini haukubadilisha mara moja uzito wa wanaokaa. Mwezi Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya msimamo wa London juu ya uasi wa walowezi wa Rhodesia. Uingereza ilizuia mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa umekubaliwa. Kwa Uingereza kiasi hicho kilikuwa kidogo, na kwa Tanzania kilikuwa sehemu ya mpango wa maendeleo. Kauli ya Hirschman kuhusu uwezo wa kusitisha ilithibitika safari hii kwa makusudi.

Funzo hilo liliandamana na lingine. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilikataa kugharimia reli ya kuiunganisha Zambia na bandari ya Dar es Salaam, zikisema haitalipa. China ilikubali. Mapatano ya awali yalitiwa saini Beijing mwezi Septemba 1967, ujenzi ulianza Oktoba 1970, na reli ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi ilikabidhiwa Julai 1976. Mkopo ulikuwa yuani milioni 988, usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Gharama za ndani, ikiwemo mishahara ya vibarua, ziligharimiwa kwa njia ya bidhaa: Tanzania na Zambia zilinunua bidhaa za Kichina, zikaziuza madukani kupitia mashirika ya umma, na fedha zilizopatikana zikaingia katika ujenzi.

Tukizilinganisha reli hizi mbili kwa kipimo cha hatari, tofauti zinaonekana. Reli ya TAZARA ilichaguliwa na wenye nchi, kwa sababu za kisiasa na kiuchumi walizozitaja wenyewe, na masharti ya mkopo wake yalikuwa mepesi kuliko ya soko. Hata hivyo, mfanano nao upo. Mpango wa bidhaa ulilifungulia soko la ndani viwanda vya mkopeshaji wakati ambapo viwanda vya nchi vilikuwa bado vichanga. Deni lilibaki kwa wenye reli hata mizigo ilipopungua. Na upana wa njia, milimita 1,067, ulichaguliwa kulingana na reli za kusini mwa Afrika, si Reli ya Kati yenye milimita 1,000, hivi kwamba behewa la Mpanda haliwezi kupita katika njia ya Mbeya. Kila reli ya nchi hii inaonesha katika vyuma vyake mahali ambapo mizigo yake ilitarajiwa kwenda, na mara chache mahali hapo palikuwa ndani ya nchi.

9.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba biashara ya risasi ya Mpanda ilianzishwa na uhaba wa dola wa Uingereza, ikaendeshwa kwa bei na sarafu zilizoamuliwa London, na ikaisha baada ya miaka kumi. Nchi kubwa ilipata metali bila kutumia dola. Kampuni ilipata mwamba na haki ya kuondoka. Tanganyika ilipata mishahara, kodi, mji na reli, pamoja na mzigo wa kuitafutia reli hiyo sababu nyingine ya kuwepo. Kwamba sababu hiyo ilipatikana ni sifa ya wakulima wa Nsimbo, Katumba na Litapunga, na si ya waliochora njia.

Matokeo haya yana maana kwa utafiti na kwa sera. Kwa watafiti, yanapendekeza kwamba historia ya biashara isiishie katika takwimu za mauzo na manunuzi. Inapaswa kufuatilia pia mali isiyohamishika: ilijengwa kwa deni la nani, ilikuwa na matumizi gani mengine, na nani alibaki nayo. Historia ya nauli za mizigo na ya biashara ya nta ya magharibi ni maeneo mawili yanayostahili tasnifu kamili.

Kwa sera, suala hili bado liko wazi. Bandari ya Karema, katika mwambao wa mkoa huuhuu wa Katavi, imejengwa ili kuivuta biashara ya mashariki ya Kongo, na mipango ya serikali inataja reli ya kuifikia kupitia Mpanda. Swali la mwaka 1947, kama reli iishie mgodini au ifike ziwani, linaulizwa upya, safari hii na wenye nchi wenyewe. Madini ya Kongo yana wanunuzi wakubwa kuliko risasi ya Mpanda ilivyowahi kuwa nao, na wanunuzi hao nao wana uwezo wa kwenda kununua kwingine. Busara ya mapatano yoyote yatakayofanyika itapimwa kwa mambo mawili: kama mnunuzi amebeba sehemu ya hasara ya siku atakapoondoka, na kama njia itakayojengwa ina stesheni ambapo gunia la mahindi la mkulima wa Litapunga linaweza kupakiwa.